Barghash: Sultani aliyetembezwa London kama mfalme huku dadake akizuiwa kumwona

Kama uko Garissa, jioni jua likishapoa nenda hadi darajani. Simama kando kabisa, maana madereva wa malori ya mifugo hawana subira na mtu. Angalia vile Tana inashuka na tope lake jekundu. Maji hayo yakishakuacha yanapita Bura, yanapita Hola, yanapita Garsen, halafu yanaishia Kipini, baharini. Weka hilo jina Kipini mahali, tutalihitaji.

Stori ya leo ni ya mzee mmoja anaitwa Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Najua unajiuliza, Zanzibar na sisi watu wa huku wapi na wapi? Ngoja. Kwanza nikwambie nilivyompata.

Dadangu mkubwa anaishi London. Miezi kadhaa iliyopita alinitumia picha kwa simu, amesimama mbele ya jumba kubwa la mviringo, matofali mekundu, paa kama bakuli lililofunikwa. Alikuwa ametoka kusikiliza okestra. Yeye, ambaye tukiwa wadogo alikuwa akituzimia redio ili asome! Nilicheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kuwa hatukuwa tumeongea tangu nilipoacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa ikitoka mfukoni mwake na mimi sikumwambia, alikuja kusikia kwa watu. Sasa picha hii ndiyo ilikuwa salamu ya kwanza, na sikujua nijibu nini. Nikafanya kile sisi hufanya tukikwama, nikaanza kutafuta habari za lile jumba mtandaoni. Linaitwa Royal Albert Hall, lilifunguliwa 1871. Na katika kusoma habari za London ya miaka hiyo ndipo nikakutana na Barghash. Sikulala mapema usiku huo.

Barghash alizaliwa Unguja karibu 1837. Babake alikuwa Said bin Sultan, yule mtawala wa Oman aliyehamisha makao yake kutoka Muscat hadi Zanzibar na kuijaza karafuu. Mamake alikuwa suria Mhabeshi. Kwenye jumba la Said watoto walikuwa wengi, alipokufa aliacha zaidi ya 30, na kila mmoja alijua nani ni mtoto wa mama yupi. Unaijua hiyo hesabu. Wengi wetu huku tumekulia nyumba za aina hiyo, na tunajua mzee akifariki mambo hugeuka vipi.

Mzee alifariki baharini Oktoba 1856, merini, akitoka Muscat. Barghash alikuwa naye. Alirudi na maiti ya babake, akaizika usiku kimyakimya, na usiku huohuo akajaribu kushika madaraka kabla mji haujaamka. Hakufaulu. Kiti kikaenda kwa ndugu yake Majid.

Mtu mwingine angekubali yaishe. Barghash hakukubali. Mnamo 1859 alipanga mapinduzi kutoka nyumbani kwake, na hapa ndipo anaingia dada yake mdogo, Salme. Msichana wa miaka 15 hivi, na kitu kimoja kilimfanya awe wa maana kuliko wanaume wote pale: alijua kuandika. Alijifunza kwa siri, maana wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani tu, si kushika kalamu. Basi akawa karani wa mapinduzi. Barua za kuomba silaha na watu zilitoka mkononi mwake. Majid alipoizingira ile nyumba kwa askari, dada zake walimtoa Barghash amevaa mavazi ya kike, amejitanda, akapita katikati ya walinzi. Nani angethubutu kumfunua uso binti wa kifalme?

Alikimbilia shamba lililoitwa Marseilles na huko wakapigana. Waingereza wakamsaidia Majid kwa wanamaji na mizinga, na mambo yakaisha. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, akakaa kama miaka miwili. Salme akabaki Unguja na lawama. Baadhi ya ndugu hawakumsamehe kabisa.

Naomba usiichukulie hii Bombay kama jela. Ulikuwa mji wenye treni tayari, wenye bandari ya meli za moshi, wenye magazeti na mitambo ya kuchapisha. Kijana wa miaka 22 alipelekwa huko kama adhabu, na mimi naona ndiko aliposomea. Hakupata cheti, lakini vitu vingi alivyokuja kuvijenga alikuwa ameviona huko kwanza. (Ndiyo, hii hoja inanipendeza mimi binafsi. Nimekwambia niliacha chuo.)

Majid alikufa 1870 na Barghash akakaa kwenye kiti alichokitamani miaka 14. Hakupata muda wa kufurahia. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, mikarafuu ikang'olewa na meli zake zikazama bandarini. Mwaka uliofuata Waingereza wakaja na mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Alikataa. Wakamwambia watafunga bandari yake kwa manowari. Juni 1873 akatia saini, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Leo pale pamesimama kanisa kuu la Anglikana.

Sitakudanganya kwamba alikuwa mtetezi wa wanyonge. Karafuu zile zilichumwa na watumwa na utajiri wa jumba lile ulitoka mgongoni mwao. Na usidhani hilo ni jambo la kule visiwani tu. Nenda Dadaab, hapahapa kaunti yetu, uulize kuhusu Wabantu wa Somalia. Mababu zao walinaswa au kuuzwa kutoka Uzigua na kwingine, kusini kabisa, tangu enzi za babake Barghash, wakapitishwa Zanzibar na kupelekwa mashamba ya mto Shabelle. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya mto Juba. Vita vya 1991 vilipowafukuza kuja Kenya, baadhi yao walifika kambini wakiwa bado wanaongea Kizigua, lugha ya watu wa Handeni, Tanzania. Zaidi ya miaka 150, na lugha haikupotea. Hebu kaa na hilo kidogo.

Haya, twende London.

Waingereza wakishakubana koo hukualika chai. Mwaka wa 1875 Barghash alialikwa Uingereza, akaenda na balozi wao Dkt John Kirk na msafara wake mwenyewe, majoho na majambia. Alifika Juni. Mkalimani wake alikuwa kasisi mmoja mtaalamu wa Kiarabu, George Percy Badger. Alikuwa pia na karani wake, Zahir bin Said, aliyeandika kila walichokiona, na baadaye kitabu kikachapishwa kwa Kiarabu. Kwa lugha yetu, alisafiri na blogger wake.

Walimtembeza sawasawa. Windsor, akaonana na Malkia Victoria. Brighton, baharini. Birmingham na Manchester, viwandani. Liverpool, bandarini. Studio, akapigwa picha. Watu walijipanga barabarani kumwona, kwa hivyo jiulize nani alikuwa mtalii na nani alikuwa kivutio.

Na London aliyoikuta, jamani! Lile jumba la dadangu lilikuwa na miaka minne tu, na ndani yake kinanda cha mabomba ambacho hakikuwa na mwenzake kwa ukubwa duniani. Mwezi mmoja kabla ya Barghash kufika, Mei 1875, mtunzi Mwitaliano Giuseppe Verdi alisimama mle ndani mwenyewe akiongoza okestra na kwaya katika misa yake ya wafu, ile Requiem. Wewe ukisikia muziki wa klasiki labda unafikiria kitu cha kulaza watoto. Tafuta hiyo Requiem, uweke vipokea sauti masikioni, ufike sehemu ngoma kubwa zinapopigwa. Mimi nilisikiliza ndani ya basi la usiku kutoka Eastleigh, na karibu Mwingi nilidhani gari limepasuka gurudumu.

Huyu Verdi shika jina lake pia. Ndiye aliyetunga opera ya Aida, iliyochezwa mara ya kwanza Cairo mkesha wa Krismasi 1871, kwenye jumba la opera alilojenga Khedive Ismail, mtawala wa Misri. Inahusu binti mfalme wa Uhabeshi aliyechukuliwa mtumwa Misri. Barghash, mwana wa suria Mhabeshi, alikuwa anapita katikati ya dunia ambayo ilikuwa ikiimba stori kama ya mamake kwa tiketi za bei ghali. Sijui kama kuna mtu alimtajia.

Sasa, katikati ya matembezi hayo kulikuwa na kazi. Tarehe 14 Julai, hapohapo London, alitia saini nyongeza ya ule mkataba wa watumwa. Safari ya kulipiwa haikosi karatasi ya kutia saini.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo wenyeji wake walilishughulikia kwa ustadi. Salme alikuwa London.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya yale mapinduzi, Salme alipendana na Mjerumani mfanyabiashara, Heinrich Ruete, nyumba zao zikitazamana Mji Mkongwe. Akashika mimba. Mnamo 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden, akabatizwa, akaolewa 1867, akaenda Hamburg, akaitwa Emily. Miaka mitatu tu baadaye mumewe aligongwa na gari la reli la kukokotwa na farasi, akafa. Mjane, watoto watatu, nchi ya baridi, pesa hakuna. Aliposikia kaka yake anakuja London alijifunza Kiingereza haraka, akaacha watoto, akavuka bahari. Hakutaka kiti wala jumba. Alitaka kuonana na yule aliyemwandikia barua usiku akiwa na miaka 15, labda na urithi wake.

Waingereza hawakutaka hilo litokee. Sultani alikuwa mgeni wao na hawakutaka audhike. Sir Bartle Frere, aliyekuwa ameenda Zanzibar kwa ajili ya mkataba ule, alimweka Salme mbele ya mizani: achague kumsogelea kakake, au aachane naye na serikali iwasaidie watoto wake kusoma. Mama gani hachagui watoto? Alikubali akanyamaza. Barghash akamaliza ziara, akaondoka. Halafu ile ahadi ya kusomesha watoto ikayeyuka, akaambiwa yeye ni raia wa Ujerumani, Uingereza haihusiki.

Mji mmoja, wiki kadhaa, kaka na dada. Yeye anaonyeshwa majumba, dada anahesabu shilingi za nyumba ya wageni. Nilipofika hapo niliiweka simu chini.

Lakini usimwonee huruma Barghash haraka. Mnamo 1885 Salme alirudi Zanzibar, safari hii akiwa kwenye meli ya Wajerumani waliokuja na manowari kumtisha kakake. Watu wa mji walimpokea kwa shangwe. Barghash alikataa kumwona. Kwake dada alikuwa ametoka kwenye dini, ameolewa na kafiri, na sasa ametumiwa na adui. Unaweza kumwelewa na bado ukaona hakufanya vizuri. Mimi niko hapo. Salme alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka uliofuata, akafa Ujerumani 1924. Alizikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.

Turudi 1875. Kutoka Uingereza Barghash alipitia Ufaransa, ambako jumba jipya la opera la Paris lilikuwa limefunguliwa Januari mwaka huohuo, kisha Misri, kisha nyumbani. Hajapumua vizuri, Oktoba, meli za Misri zikatokea kaskazini na kuteka Barawa na Kismayu. Aliyezituma ni nani? Khedive Ismail, yuleyule wa opera. Na aliyeziongoza ni Mwingereza aliyeajiriwa naye, McKillop. Ismail alitaka njia ya kufika maziwa makuu kupitia Juba. Fikiria kama wangekaa: Kismayu ingekuwa ya Misri, na sisi hapa nyuma yake tungekuwa nani? Barghash alilia kwa Waingereza, wakambana Ismail, meli zikaondoka.

Kismayu ndipo stori inapotugusa. Hiyo ndiyo bandari ya asili ya watu wa huku, ng'ombe na ngozi na pembe viliteremkia huko. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea pale ngomeni, ingawa ukitembea nusu siku kuingia bara, wenye ngamia hawakumjua wala hawakumlipa kitu. Mnamo 1886 Waingereza na Wajerumani waliketi wakampimia pwani yake kwa rula. Maili 10 kutoka baharini, kuanzia kusini hadi wapi? Kipini. Mdomo wa mto wetu. Juu ya hapo wakamwachia vituo tu, Kismayu, Barawa, Marka, Mogadishu, kila kimoja na duara lake la maili 10, na Warsheikh maili tano. Barghash hakuwa mezani. Aliletewa akubali. Na Jubaland yenyewe ikaja kugawiwa Waitaliano 1925, ndiyo maana leo una shangazi upande wa pili wa mpaka.

Yule mtu aliyekatwa vipande namna hiyo alikuwa bado anajenga. Alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, watu wakaacha kunywa maji ya visima vichafu. Alileta mtambo wa kuchapisha vitabu vya Kiarabu. Alinunua meli za moshi, zikabeba mahujaji. Mnamo 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililokuja kuwa na taa za umeme na lifti kabla miji mingi ya ukanda huu haijaota habari hizo.

Na muziki. Wazee wa taarab husimulia kwamba ni Barghash aliyeleta wapigaji kutoka Cairo waburudishe jumbani, akapendezwa, akamtuma kijana wa Unguja, Mohamed Ibrahim, akasomee kanuni Misri, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Kijana akarudi akaanzisha kundi. Mnamo 1905 kikundi cha Ikhwani Safaa kikazaliwa, na mpaka leo kipo. Jumba lilikuwa pia na bendi ya matarumbeta ya Wagoa iliyopiga nje jioni. Vijana wa pwani waliziangalia bendi za aina hiyo, wakazigeuza kuwa ngoma ya beni, Lamu na Mombasa wakashindana nusura wauane.

Kinachonivutia ni kwamba aliyetembezwa Ulaya nzima hakurudi kuiga okestra ya London. Alichagua udi, fidla na kanuni, sauti iliyokaa karibu na sikio lake. Udi huohuo sisi tunaita kaban. Na yule tunayemwita baba wa muziki wa Kisomali, Abdullahi Qarshe, aliyeupiga hadi akaheshimika, alizaliwa wapi? Moshi, Tanganyika, 1924. Kwa hivyo ukimsikia mzee pale Suuq Mugdi akisema muziki ni kitu cha kigeni, mwambie kwa heshima akae chini mhadithiane.

Barghash alikufa Machi 1888, mgonjwa kwa muda mrefu, ametoka Oman kutafuta nafuu. Alikuwa na miaka kama 51.

Dadangu nilimjibu baada ya siku tatu. Sikumwambia pole kwanza, nilimwambia habari za kinanda cha mabomba. Akaniuliza nimejulia wapi, tukaongea hadi saa nane usiku, na ya karo tukayafikia mwishomwisho. Hayajaisha yote.

Ukipata nauli ya Unguja, usiende ukitegemea kuingia Beit al-Ajaib, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Tembea Mji Mkongwe, uliza njia ya chuo cha muziki. Ukikuta madirisha wazi mchana, utasikia mtoto anajifunza kanuni, anakosea, anaanza tena.